Kutoka Kwaya Hadi Okestra: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Tabora

Tabora ukimwambia mtu kwamba wewe ni kondakta, atakuuliza basi lako linaondoka saa ngapi. Ndiyo maana huku tunasema mwalimu wa kwaya. Jina hilo linaieleza kazi vizuri zaidi, kwa sababu kupunga mikono mbele ya watu ni dakika chache za Jumapili. Siku nyingine zote unafundisha, unanakili nota, unafuata funguo za ukumbi na kumbembeleza mpiga kinanda asihamie Mwanza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutoka kwenye kuimba mpaka kuongoza, na kutoka kwaya ya watu ishirini mpaka kundi la sauti na ala pamoja, yaani okestra kwa kadiri mji wetu unavyoiruhusu. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa na sijawahi kuona hapa mjini tangazo la kazi la kumtafuta kiongozi wa okestra. Anayeitaka nafasi hiyo anaijenga mwenyewe, na matofali yake ni kwaya. Hatua nimezipanga jinsi zinavyomjia mtu, ila ile ya tatu, ya sikio, utairudia mpaka uzeeni.

1. Imba sauti isiyo yako

Kila kwaya ina watu wanaoujua wimbo na watu wanaoijua sauti yao. Ukitaka kuongoza, toka kwenye sauti uliyoizoea. Kama wewe ni soprano, omba kukaa alto mwaka mmoja. Kama ni tena, ile sauti ya juu ya wanaume, nenda besi hata kama nota za chini zinakutoka kama mlango usiotiwa mafuta. Huko ndiko utausikia wimbo kutokea chini: besi ikitoka so ikaangukia do, wimbo umefunga, ikibaki so, wimbo bado unasubiri jambo.

Nyumbani imba sauti zote nne, moja baada ya nyingine, kwa oktava yoyote unayoifikia. Usisimame mbele ya wimbo ambao huwezi kuziimba sauti zake zote bila kutazama karatasi. Sheria hii nimeivunja mara kadhaa, na kila mara waliogundua ni alto.

2. Solfa kwanza, halafu mistari mitano

Wengi wetu tumelelewa na solfa: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huu uliandaliwa Uingereza katika karne ya 19, Sarah Glover akiwa ndiye mwanzilishi na John Curwen akauendeleza na kuueneza. Wamisionari waliupenda kwa sababu ya kawaida kabisa: unaandikwa kwa herufi za kila siku. Mtu mwenye mashine ya taipu na karatasi ya stensili aliweza kutoa nakala za kwaya nzima. Nukta mbili zinatenganisha mapigo, mstari wa wima unafunga kipimo, yaani fungu la mapigo, kistari kinaiendeleza sauti, nukta moja inaligawa pigo katikati. Ukishazoea, unausoma wimbo mpya kama gazeti.

Usimsikilize anayekwambia solfa ni ya washamba. Inakufundisha uhusiano wa sauti na sauti, kitu ambacho wapiga vinanda wengi hawana. Lakini ina ukuta wake. Wimbo ukianza kuhama kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine, yaani do ikihamia sauti nyingine, solfa inajaa alama mpaka inachosha macho. Na mpiga fidla aliyefundishwa Zanzibar ukimpa karatasi ya d.r.m., atakuangalia kama umempa risiti ya luku.

Kwa hiyo jifunze nota za mistari mitano, ambazo wengi huziita stafu. Usianze na wimbo mgeni. Chukua Wimbo wa Taifa, ambao chimbuko lake ni wimbo wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, wa mwaka 1897. Kila Mtanzania anao kichwani. Uandike kwa mkono wako kwenye stafu, ambako sauti huitwa kwa herufi A mpaka G: kwanza do ikiwa G, kesho do ikiwa F, keshokutwa do ikiwa B-flati. Dakika kumi na tano kila siku kwa mwaka mmoja zinatosha. Mwenye kompyuta apakue programu ya MuseScore, ambayo ni ya bure: unaandika, inakuchezea ulichoandika, na makosa yanajisema yenyewe. Nyimbo za kwaya zetu zilizokwisha kuandikwa zinapatikana kwa wingi kwenye tovuti ya Swahili Music Notes. Za watunzi wa Ulaya waliofariki zamani ziko kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, bila malipo.

3. Sikio, na ule uma wa chuma

Nunua uma wa sauti. Ni kipande cha chuma chenye meno mawili. Unakigonga gotini, unakiweka karibu na sikio, kinatoa A, mitetemo 440 kwa sekunde. Hakihitaji umeme wala chaji, na hakuna mtu anayeweza kukichezea ukiwa hupo.

Kwa nini nasisitiza hilo la kuchezewa? Mwaka mmoja, mkesha wa Pasaka, kinanda chetu kilikuwa kimetumiwa mchana na kikundi kingine. Mpigaji wao alikuwa amekipandisha nusutoni nne (nusutoni ni hatua ndogo kabisa ya kinanda) kwa kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, akaondoka bila kukirudisha. Mimi sikukagua. Nikaomba sauti kutoka kwenye kinanda, nikawapa kwaya, nikanyanyua mikono. Mstari wa kwanza ulipita, nikajisemea tu kwamba leo wamechangamka. Kwenye kiitikio soprano wanatakiwa kugusa G ya juu. Usiku ule G ilikuwa B. Niliwaona wanavyoinua nyusi, kisha videvu, kisha mabega, na mwishowe walibaki dada wawili wanapiga kelele na wengine wamefumba midomo. Kosa lilikuwa langu asilimia mia. Tangu siku hiyo uma unakaa mfuko wa shati kama kalamu.

Uma unakupa A peke yake, kwa hiyo unahitaji kujua A ni nani katika kila ufunguo. Do ikiwa C, A ni la. Shuka la, so, fa, mi, re, do, umefika. Do ikiwa D, A ni so. Do ikiwa E, ni fa. Do ikiwa F, ni mi. Do ikiwa G, ni re. Do ikiwa A, ni do yenyewe. Do ikiwa B-flati, A ni ti, panda nusutoni moja tu. Ya E-flati ndiyo yenye tabu, maana A inaangukia kati ya fa na so. Huko mimi hushuka kwanza mpaka F, naifanya re, kisha do inapatikana. Fanya zoezi hili ukitembea kwenda sokoni. Baada ya miezi mitatu utawapa watu wanne sauti nne tofauti kwa pumzi moja, na kwaya itakuamini kabla hujanyanyua mkono.

Hapo umepata kutoa sauti. Kuisikia ni kazi nyingine. Kwaya ikiimba vibaya, anayeanza husikia kwamba pamekorogeka. Unachotakiwa kusikia ni nani, wapi, na kwa nini. Jizoeze hivi: rekodi mazoezi kwa simu, usiku sikiliza mara nne, kila mara ukiifuata sauti moja tu, na andika kipimo inapoyumba. Halafu tafuta sababu. Kwaya nzima ikishuka polepole, mara nyingi ni mi na ti zinaimbwa kivivu, au watu wamekaa wakajikunja. Sauti moja ikipotea ghafla mahali pale pale kila siku, kuna mruko mgumu umetangulia. Watu wa tena wakikaza shingo, wimbo uko juu mno. Shusha ufunguo na wala usiwagombeze.

4. Mikono

Mapigo mawili: chini, juu. Matatu: chini, kulia, juu. Manne: chini, kushoto, kulia, juu. Hayo ni ya mkono wa kulia, na unaweza kuyajua leo kabla ya chakula cha jioni. Kinachochukua miaka ni pigo lile ambalo halihesabiwi, la kabla ya kuanza. Ni pumzi. Unainua mkono kwa kasi ileile ya wimbo utakaokuja, na wewe mwenyewe unavuta hewa. Ukiinua taratibu kisha ukashusha haraka, watu ishirini watakuja kwa nyakati ishirini. Wakichelewa kuanza, jitazame wewe kwanza.

Simama mbele ya kioo. Mkono upige mahali pamoja panapoonekana, kama unagonga meza usiyotaka kuivunja, kati ya kifua na kiuno. Mkono wa kushoto uuache utulie. Kazi yake ni kuwaita watu wa tena waingie, kutuliza soprano, kushikilia sauti ya mwisho na kuikata. Mikono miwili inayofanya kitu kimoja muda wote ni kama mtu anayefukuza nzi.

Nyimbo zetu nyingi zenye mahadhi ya ngoma ziko katika mapigo sita ya haraka. Usipige sita. Piga mawili, kila moja likibeba matatu ndani yake, na mwache mpiga kayamba azijaze zile ndogo. Ukijitahidi kuonyesha zote sita, wimbo unakuwa mzito na kayamba inakushinda, kisha kwaya inamfuata kayamba.

Kijiti si lazima kwa kwaya. Vidole vinaonyesha mengi zaidi. Kwa wapiga ala kinasaidia kwa sababu wanakutazama kwa pembe ya jicho. Kiwe chepesi, sentimita 35 hivi, mwanzi mwembamba wenye kizibo cha chupa kama mpini unatosha. Zamani Ufaransa waliongoza kwa kugonga fimbo nzito sakafuni. Jean-Baptiste Lully alijigonga mguuni akiwa kazini, kidonda kikaoza, akafa mwaka 1687. Kizibo cha chupa hakijamuua mtu.

5. Karatasi kabla ya watu

Wimbo mpya kaa nao wiki moja kabla ya kuugawa. Angalia masafa. Kwa waimbaji wa kawaida, soprano wasipite sana G ya juu, alto wasishuke chini ya A iliyo chini ya C ya kati, tena waishie G, na besi usiwadai chini ya F isipokuwa unao wazee wawili wenye vifua. Wimbo ukizidi hapo, sogeza ufunguo. Mtunzi hayupo, na kama yupo atashukuru.

Kisha soma maneno peke yake, kwa sauti, kama unayasema kwa mtu. Hapa ndipo naona kwaya nyingi nzuri zinaharibu. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, mwo-KO-zi, tu-na-ku-SHU-ku-ru haipo, ni tu-na-ku-shu-KU-ru. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa juu ya tuni za Ulaya zinaitupa silabi dhaifu kwenye pigo lenye nguvu, na mnasikia kanisa zima likiimba bwa-NA. Huwezi kuubadilisha wimbo uliozoeleka, lakini unaweza kulipunguza pigo lile. Liguse tu, na mkono wako uiegemee silabi inayostahili. Weka alama kwa penseli mapema, la sivyo utasahau.

Weka alama za pumzi pia. Mtu huvuta hewa anapoishiwa, si neno linapoisha.

Halafu kuna R na L. Sisi wa Unyamwezini tunajijua, na ndugu zetu Wasukuma tuko nao mtumbwi mmoja: Roho anakuwa Loho, na siku ya uchaguzi watu wanakwenda kupiga kula. Usicheke mtu. Chukua dakika mbili za kupasha sauti, waimbe “ra-re-ri-ro-ru” kwenye nota moja, polepole, kisha “la-le-li-lo-lu,” kisha kwa kupokezana. Mwezi mmoja unatosha kwa wengi wao. Kwa waliobaki, wasimamishe karibu na wenye ulimi mwepesi.

6. Dakika tisini za mazoezi

Sisi tunaanza saa kumi na moja na nusu jioni. Adhana ya magharibi inapotoka msikiti wa jirani tunanyamaza, na katibu anautumia utulivu huo kusoma matangazo. Kama unaunda kwaya ya jamii, yenye Waislamu na Wakristo, jambo hili si dogo. Epuka Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi, fanyia mazoezi kwenye darasa au ukumbi usio wa dini yoyote, na chagua nyimbo za kazi, za harusi, za Uhuru na Muungano. Mwezi wa Ramadhani punguza muda, umalizie kabla ya futari.

Dakika kumi za kwanza ni za kupasha sauti: kunung'unika midomo ikiwa imefungwa, kutetemesha midomo kama mtoto anayeendesha gari, kisha do-mi-so-mi-do mkipanda nusutoni kwa nusutoni. Kiangazi, vumbi la Tabora linapokaa kooni, ongeza dakika tano na ndoo ya maji mlangoni.

Kisha kazi. Usianze wimbo mpya mwanzoni. Anza mahali pagumu, watu wakiwa bado na nguvu. Mimi huanza na besi, maana wakishashika njia wengine wana pa kusimama. Tuseme ni kiitikio cha vipimo nane. Besi waimbe viwili, kwa solfa. Warudie. Warudie kwa maneno. Wakati huo alto, tena na soprano wasikae wanachati. Wanung'unike do ileile ya ufunguo, chini kabisa, ili besi wawe na ukuta wa kuegemea. Besi wakishika vinne, waunganishe na soprano, msingi na paa la nyumba. Watu wa tena wanafuata. Alto nawaweka mwisho, kwa sababu sauti yao ndiyo inayozunguka mahali padogo na inahitaji kusikia wengine ili ieleweke. Vipimo vinane vizuri kwa jioni moja ni mavuno mema.

Kila mara umesimamisha, sema jambo moja, kwa maneno yasiyozidi kumi, kisha anzisha. “Watu wa tena, ile mi iko juu kidogo kuliko mnavyodhani.” Basi. Walimu wengi wanahutubia dakika tano na sauti zinapoa.

Kuna kusahihisha wakubwa. Kwaya zetu zina wazee, na mwalimu mara nyingi ni kijana. Mzee mmoja wa besi, mstaafu wa reli, alikuwa anaacha sauti yake mahali pamoja na kupanda na soprano. Sikumtaja mbele za watu. Nilirudia besi wote mara tatu, kisha baada ya mazoezi nikamfuata kwenye baiskeli yake.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Leo umenitazama sana.”

“Nimewatazama besi wote, Mzee.”

Akacheka. “Sema tu, mwanangu. Nimekosa wapi?”

“Kipimo cha kumi na mbili. Wimbo unapanda, na wewe unapanda nao. Besi inabaki do.”

Akaishika do, nikamwimbia soprano juu yake, tukiwa pale pale chini ya mwembe. Akarudia mara ya pili. “Kumbe miaka yote hii najiimbia soprano,” akasema. Wiki iliyofuata ndiye aliyekuwa anamkanyaga mguu jirani yake mahali pale.

Mvua za Novemba zikianza, wanakwaya wanapungua, maana mashamba hayasubiri, na wenye tumbaku Urambo hata huwaoni. Nyimbo za Noeli zianze Septemba.

7. Kuingiza ala

Mwaka 1994, Kinshasa, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha okestra ya kanisa la Kimbangu kwa watu wengi na vyombo vichache, wakipokezana fidla. Leo inajulikana duniani. Namtaja kwa sababu moja: hakusubiri okestra kamili ndipo aanze. Zungukia mji uone kuna nani. Kuna mpiga tarumbeta aliyestaafu bendi, dada mwenye filimbi, mpiga gitaa wa baa anayependa kuja ukimlipia nauli, kijana mwenye fidla aliyoipata kwa mjomba, na ngoma. Hao wanatosha.

Sasa ile stafu inakulipa. Vyombo vingine havisemi vilivyoandikiwa. Tarumbeta ya B-flati ikisoma C, inatoka B-flati. Ukitaka C isikike, mwandikie D. Klarineti ya B-flati ni hivyohivyo. Saksafoni alto ukitaka C, mwandikie A. Fidla, filimbi na kinanda zinasema zilichosoma. Ufunguo wa F unawafaa wote: tarumbeta anasoma katika G, fidla haipati shida, na kwaya inapumua.

Tuni zote zifuate kinanda cha umeme, maana chenyewe hakiyumbi, ukishakagua kile kitufe. Fidla ipate A kwanza, kisha nyuzi zake nyingine, G, D na E. Oktoba ukumbi wa bati ukipata joto, tarumbeta hupanda na nyuzi za fidla hushuka, zinaachana kama wapenzi waliogombana. Tuni tena kabla ya kila wimbo mkubwa. Na fidla isikae chini ya bati wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, mbao hupasuka.

Kuongoza wapiga ala ni tofauti kidogo. Mwimbaji anakutazama usoni. Mpiga ala anahesabu vipimo vya kukaa kimya, na akipotea hathubutu kuuliza. Mtazame pigo moja kabla ya zamu yake, umwitikie kwa kichwa. Acha kuimba maneno kwa midomo ukiwa mbele yao, haiwasaidii. Na wapunguze nguvu: tarumbeta moja inafunika alto kumi. Iweke nyuma pembeni, ielekezwe ukutani.

8. Shule na vyeti

Cheti si lazima kwa kwaya ya mtaa, lakini kinafungua milango ya shule na vyuo. Kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kuna shahada katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Makumira kule Arusha. Kwa ala za nyuzi na taarabu, chuo cha muziki cha Dhow Countries kilichoko Mji Mkongwe, Zanzibar. Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina ngazi nane na unaweza kujiandaa ukiwa nyumbani. Ngazi ya 5 ya nadharia ndiyo ya kulenga kwanza. Ukiwa huna ada, semina za muziki za jimbo au dayosisi usizikose, hata kama unajua wanachofundisha. Huko ndiko utakutana na watakaokuita kazini.

9. Pesa

Malipo yangu ya kwanza ya kuongoza kwaya harusini yalikuwa galoni ya asali. Ilikuwa asali nzuri ya msituni, siilalamikii, ila haikulipa kodi ya chumba. Wengi wetu tunaunganisha: kipindi shuleni, wanafunzi wa kinanda nyumbani, harusi, kunakili nota kwa kwaya nyingine, kusimamia kurekodi. Kanisa linaweza kukupa posho au lisikupe. Uliza mapema, kwa heshima, na ombi liwe kwenye barua, si kwenye korido.

Harusi na matamasha yaandikiwe karatasi: tarehe, idadi ya nyimbo, nani analeta kinanda na umeme wa akiba, nusu ya malipo kabla. Kikundi kinachofanya maonyesho ya kulipwa kisajiliwe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ukitunga, peleka kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kazi za wengine uziombee ruhusa kabla ya kurekodi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Jina lake liandikwe juu ya kila nakala. Nyimbo nyingi zinazunguka bila jina, na aliyezitunga bado anaishi.

10. Safari

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwaya ya Tabora isiyowahi kwenda Kigoma kwa treni haijaishi. Ila nikupe tahadhari iliyonigharimu. Mara yetu ya kwanza waliimba behewani usiku kucha. Kila kituo abiria waliwashangilia, nao wakaongeza. Nilijivuna, nikawaacha. Asubuhi tulipoanza kuliona ziwa, tena wawili walikuwa wananong'ona, na soprano wangu mkuu alinisalimu kwa sauti ya besi. Tulipanda jukwaani saa nane, tukashusha nyimbo zote toni nzima. Watu wa Kigoma walitushangilia kwa adabu na wakatulisha migebuka, lakini wanajua kwaya, waliona.

Siku hizi safarini ni marufuku kuimba baada ya saa mbili usiku. Maji, kitambaa cha shingo, dirisha lifungwe upande wa upepo. Nota zote kwenye faili moja, faili kwa mtu mmoja, na mtu huyo asiwe wewe.

11. Msaidizi

Mapema kabisa, mwaka wa pili tu, chagua mtu wa kukusaidia. Asiwe lazima mwenye sauti nzuri. Awe yule anayegeuka wengine wanapokosea. Mpe wimbo mmoja kila mwezi, aufundishe kuanzia karatasi mpaka Jumapili, na wewe usimwingilie hata akianza na soprano.

Kisha jioni moja mwachie mazoezi yote, utoke nje. Kaa chini ya mwembe, mbali kidogo, mahali ambapo huwaoni wala hawakuoni, na usikilize. Mimi nilipofanya hivyo nilisikia alto wakivuta pumzi katikati ya neno “mwokozi,” wote kwa pamoja, kila ubeti. Mwaka mzima nilikuwa nimesimama mita mbili mbele yao.